Je, wajua kwa nini Mwingereza "akipoteza temper" ndipo anakasirika?

Juzi nikiwa Masasi, mpwa wangu wa kidato cha 2 aliniletea daftari lenye mkwaju wa wino mwekundu. Sentensi ilikuwa "He lost his temper", naye kaitafsiri: "Alipoteza hasira yake."

"Mjomba, kamusi inasema temper ni hasira. Mtu akiipoteza, si ametulia?"

Kwetu kusini mjomba ndiye wa kuulizwa, basi nikaketi naye. Na mtoto hakufikiri vibaya hata kidogo.

Neno hilo chimbuko lake ni Kilatini, temperare: kuchanganya kitu kwa kiasi chake. Matabibu wa kale, Hippocrates wa Ugiriki na baadaye Galen, waliamini mwilini mna majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Yakilingana, mtu ametulia. Nyongo ya njano ikizidi, anakuwa mwepesi wa hasira. Tiba ya leo imeshaachana na imani hiyo, lakini maneno yake yamebaki midomoni. Hata Waarabu huita hulka ya mtu mizaj, neno lenye asili ya kuchanganya.

Kwa hiyo temper ya zamani ni ule mchanganyiko uliokaa sawa, yaani utulivu. Aliyeipoteza kapoteza utulivu. Baadaye watu walizoea kuitaja temper mtu anapochafukwa, mpaka neno likabeba maana ya hasira yenyewe. Leo zote mbili zinaishi: "keep your temper" ni tulia, "he has a temper" ni ana hasira za karibu. Tusiwashangae, sisi tulichukua panic, hofu ya ghafla, na mtaani "amepaniki" ni amekasirika.

Iko maana nyingine, na hiyo ndiyo naipenda zaidi. Chukua patasi ya mchonga vinyago wa Kimakonde. Mhunzi akiitoa motoni ikiwa nyekundu na kuizamisha majini, inakuwa ngumu sana, ila ukiigonga kwenye mpingo ncha inameguka kama kigae. Basi huisugua ing'ae, akairudisha kwenye joto dogo na kuikodolea macho. Rangi inatambaa juu ya chuma: kwanza njano ya nyasi kavu, kisha kahawia, zambarau, mwisho bluu. Njano ikifika kwenye makali, anaizamisha tena haraka. Akichelewa hadi bluu, makali yanakuwa laini mno. Kazi hiyo Mwingereza anaiita temper vilevile. Chuma kimepunguziwa ugumu kidogo ili kistahimili nyundo.

Mpwa wangu alisikiliza, akachukua kalamu. Mimi ningeandika "alipandwa na hasira". Yeye akaandika: "Uvumilivu ulimshinda." Yake ni nzuri zaidi, maana inaonyesha kile kilichomponyoka mtu huyo.