Vileja vya Idi na mikono ya watoto

Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, jikoni kwangu hapa Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu, huwa hapana hata nafasi ya kugeuka. Kazi yangu ya mwaka mzima ni kuoka kwa ajili ya harusi na maulidi, lakini siku hizo huziacha oda za watu kwa muda wa saa mbili baada ya sala ya alasiri, nikaoka na watoto wa ndugu zangu, ambao mdogo wao ana miaka mitatu na mkubwa ana tisa. Zamani nilikuwa nikichagua biskuti kwanza, kisha nikiwatafutia watoto kazi ndani yake, na mara nyingi kazi hiyo haikuwapo. Siku hizi huanza kwa kuitazama mikono yao, na mikono hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye vileja, biskuti zetu za unga wa mchele.

Mwaka mmoja niliwapa unga wa biskuti za ngano, ule wa kusukumwa na kukatwa kwa mdomo wa gilasi. Kila mtoto alisukuma, akakata, akakusanya mabaki, akakanda upya na kusukuma tena, kwani hilo ndilo tamu kwake; hakuna mtoto anayekubali kukanda mara moja. Zilipotoka jikoni zilikuwa ngumu kama kokoto, na wazee wa nyumbani walizichovya katika chai bila kusema neno. Watoto hawakuwa na kosa. Unga wa ngano una protini ambazo, zikikutana na maji kisha zikakandwa, hushikana na kufanya nyuzi zinazovutika, ziitwazo gluteni. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba mkate ukaumuka, lakini katika biskuti huleta ugumu, na kadiri mikono inavyoongeza kukanda ndivyo zinavyozidi kukaza.

Unga wa mchele hauna gluteni, na hapo ndipo wema wa kileja ulipo. Mtoto akikifinyanga mara ishirini, akakigeuza ngalawa, kisha punda, kisha akakirudisha kuwa donge, hakitakuwa kigumu kwa sababu ya kukandwa, maana hakuna nyuzi za kukaza. Kwa nusu kilo ya unga wa mchele mimi hutia robo kilo ya samli, robo kilo ya sukari iliyosagwa, mayai matatu na kijiko kimoja cha chai cha iliki. Wapo wanaotia marashi ya mawaridi. Mimi huyatia kwa wateja tu, kwa sababu watoto wangu husema biskuti zinanuka harusi.

Kinachobaki kuwa adui ni joto. Sikukuu hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida: Idi ya mwaka 2024 ilikuwa Aprili, ya mwaka 2025 ikawa mwishoni mwa Machi, na kwa hiyo miaka hii tunaoka kaskazi ikiwa bado haijatuacha. Katika joto hilo samli inakaribia kuwa mafuta matupu hata kabla ya kuguswa, na ikiwa mafuta haishiki hewa inapopigwa kwa mwiko pamoja na sukari, nasi tunaitaka hewa hiyo, kwani ndiyo inayokifanya kileja kiyeyuke mdomoni. Huliweka bakuli la samli ndani ya sinia lenye maji ya barafu, nikaipiga mpaka igeuke nyeupe, ndipo yafuate mayai, moja moja, na unga mwisho. Kisha mchanganyiko wote hukaa ndani ya friji kwa nusu saa. Asiyekuwa na friji na alifunike bakuli kwa kitambaa chenye maji, aliweke dakani panapopita upepo. Maji yanapokauka hubeba joto na kuondoka nalo, kama yanavyofanya kwenye mtungi. Watoto nao huchovya viganja katika maji baridi, wakavipangusa, na kila mmoja hupewa donge dogo tu. Ukimpa kubwa, la mwisho litakuwa limeyeyuka kabla hajalifikia.

Kazi huzigawa kwa mkono, si kwa umri peke yake. Wa miaka mitatu hutwanga iliki katika kinu kidogo na kubonyeza kidole gumba katikati ya kila kileja, na alama hiyo ya gumba haina namna ya kuharibika. Wa miaka mitano hupima, akausawazisha unga kwa mgongo wa kisu kisichokata. Kupima kwake nakutegemea kwa dhati, kwa kuwa mimi nimefunga na siwezi kuonja. Mayai huvunjwa na wakubwa, kila yai katika kikombe chake kwanza, ili ganda au yai viza lisituharibie bakuli zima. Hakuna anayelamba mwiko, hata asiyefunga: mayai mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na unga mbichi nao si salama. Mwonjaji wetu, ambaye saumu yake huishia adhuhuri, hungoja kileja cha kwanza kilichoiva na kupoa.

Moto ni wangu peke yangu. Huchora mstari wa chaki sakafuni, mbali na jiko, na leso yangu huifunga vizuri isiburure. Anayetumia oveni aiwashe nyuzi 170 hivi. Mimi bado napenda sufuria kubwa yenye mchanga chini, trei ikakaa juu ya mchanga, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kwa sababu moto mwingi wa chini huunguza kitako cha kileja huku uso ukiwa mbichi. Baada ya dakika 15 huchungulia. Kileja hakitakiwi kuwa chekundu. Hubaki cheupe, na pembeni mwa kitako huanza kuingia rangi ya kahawia isiyokolea.

"Shangazi, changu kimepasuka," huniambia mmoja kila mwaka, na kila mwaka humwonyesha kwamba vyote vimepasuka kidogo, na kwamba kileja laini ndivyo kinavyokuwa. Kinachovunja kweli ni haraka. Kikitoka motoni samli yake bado ni majimaji, na bila gluteni hakuna kingine cha kukishika, kwa hiyo trei huachwa bila kuguswa mpaka ipoe kabisa. Kungoja huko ndiko kazi ngumu kuliko zote. Mimi huwapeleka watoto barazani kukunja karatasi za kugawia majirani. Vileja vikiingia mkebeni na joto, mvuke wake huvilainisha, na mkebe usiofungwa vizuri huingiza unyevu wa bahari, ambao sukari huuvuta upesi. Mkebe wetu huufunga, nikaupandisha juu ya kabati, na usiku wa kuandama mwezi huushusha, kila mtoto akatafuta alama ya gumba lake.