Wastani wa Likoni na Kisauni si Nyali

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alinijia na kompyuta kwapani. Alikuwa amehoji wauza viazi karai wa Mombasa, na jedwali lake lilikuwa tayari. Kwenye safu ya eneo bunge aliandika namba kwa mpangilio wa tume ya uchaguzi: Changamwe 1, Jomvu 2, Kisauni 3, Nyali 4, Likoni 5, Mvita 6. Chini ya safu, wastani: 4. "Kwa hivyo mwalimu, muuzaji wa kawaida ni wa Nyali."

Tukapitia majina. Nusu walikuwa wa Likoni, nusu wa Kisauni. Wa Nyali hakuna hata mmoja.

"Mbona kompyuta imekubali?" akaniuliza. Kompyuta hukubali chochote kilichoandikwa kwa tarakimu. Haijui kwamba 5 ile ni ng'ambo ya feri. Namba hapo imesimama badala ya jina, kama namba mgongoni mwa mchezaji, na majina hayajumlishwi. Unachoweza kufanya ni kuhesabu lipi limejirudia zaidi. Hiyo ndiyo modi.

Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Marekani, S. S. Stevens, aligawa vipimo katika daraja nne: majina, mpangilio, nafasi na uwiano. Wako wanaobishana naye hadi leo, lakini kwa anayeanza sijaona mlango bora.

Safu ya pili ya kijana ilikuwa ya mpangilio: biashara mbaya 1, si haba 2, nzuri 3. Tunajua ipi iko juu ya ipi, ila hatujui kama hatua ya kutoka mbaya hadi si haba ni sawa na ile ya kufikia nzuri. Hapo chukua jibu la katikati. Kwenye nafasi hatua zote ni sawa, kama joto: nyuzi 30 za Selsiasi si joto mara mbili ya 15, kwa sababu sifuri yake haimaanishi kwamba joto limekwisha.

Shilingi ni uwiano, sifuri yake ni mfuko mtupu. Na hapa ndipo pananoga. Mapato ya siku moja ya akina mama watano wa Likoni yalikuwa 600, 700, 700, 800 na 4,200. Jumla 7,000, gawa kwa watano, wastani 1,400. Nani kati yao alipata 1,400? Hakuna. Wanne hawakufika hata 1,000. Ukizipanga kuanzia ndogo, ya katikati ni 700, na modi pia ni 700. Yule wa 4,200 alikuwa amepata oda ya harusi Mji wa Kale.

Lakini usiutupe wastani. Ukitaka kujua akina mama wale kwa pamoja waliingiza kiasi gani, 1,400 mara tano inakurudishia 7,000 kamili. 700 inakupa 3,500, nusu ya pesa imepotea. Ila anayefikiria kuingia biashara hiyo kesho, mimi ningemtajia 700.

Kijana alifuta tarakimu za maeneo, akaandika majina. Kisha akauliza, kwenye mapato aandike ipi? Nikamwambia: zote mbili, na pembeni uandike harusi.