Kalavati lisilo na sakafu: maji huchimba msingi kwa kina gani?

Kalavati tulilolizoea ni bomba la zege, au sanduku la zege lenye sakafu yake. Kalavati lisilo na sakafu lina kuta mbili na paa tu. Kila ukuta umekaa juu ya msingi wake, na katikati mto unapita juu ya mchanga na kokoto zake wenyewe. Samaki hunufaika sana, kwa maana ndani ya bomba maji huwa ya kina kidogo na ya kasi, na mara nyingi mdomo wa chini huning'inia juu ya mto kiasi kwamba samaki anayepanda hawezi kuingia.

Ila mto ulioachiwa mchanga wake umeachiwa pia uwezo wa kuuchimba. Simama ufukweni wimbi linaporudi baharini: mchanga unaondoka chini ya visigino nawe unaanza kuzama. Msingi wa kalavati hupatwa na jambo hilohilo wakati wa mafuriko.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, idara ya barabara ya jimbo la Maryland na mamlaka ya barabara kuu ya Marekani walilipima jambo hili kwa vielelezo vidogo katika maabara ya McLean, Virginia. Shimo refu zaidi lilitokea kwenye kona za mlango wa kuingilia. Huko maji yaliyozuiwa na tuta la barabara hujipinda ghafla kuingia ndani, na kwa kujipinda huzusha vizingia, yaani maji yanayozunguka kwa nguvu, vinavyokoroga mchanga na kuunyanyua.

Hesabu ina hatua mbili. Kwanza, mtiririko ukibanwa kasi hupanda, na mchanga huendelea kuondoka mpaka kina kiongezeke, maji yapungue kasi, chembe zisisogee tena. Tuseme mita za ujazo 12 kwa sekunde zinapita kwenye upana wa mita 4, sakafu ya mto ni ya kokoto za kama milimita 10, na kina cha maji kabla ya kuchimba ni mita 1.2. Kanuni inayotumika kwa madaraja inatoa kina cha karibu mita 1.84. Toa 1.2, unabaki na shimo la sentimita 64.

Pili, kona. Kina chote, si shimo pekee, huzidishwa kwa namba ya kufidia vizingia. Chukua 1.3 kwa mfano tu: 1.84 inakuwa karibu 2.4, na shimo linafika mita 1.2. Limekaribia kuwa maradufu! Mtu aliyeishia hatua ya kwanza ataweka msingi wake hewani. Kuta za mlangoni zilizotanuka kama mbawa hupunguza namba hiyo kwa kuyaongoza maji yaingie taratibu, na mawe makubwa yakipangwa kwenye kona huukinga msingi, mradi yawe mazito kuliko nguvu ya maji.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni kupima baada ya mvua. Katika mito yenye mchanga mwingi, shimo huchimbwa mafuriko yakiwa kileleni, kisha maji yanapopungua mchanga mpya hulifukia. Unafika asubuhi na fito yako, unaichomeka kando ya ukuta, sakafu ya mto iko palepale pa jana. Lakini usiku, kwa saa kadhaa, msingi ulikuwa wazi.