Acheni kuuliza "spea ya kombaini ya zamani"

Wiki iliyopita nimepigiwa tena simu ileile, safari hii kutoka Moiben. "Fundi, hii kombaini ya kuvunia ngano, Massey 510, tunaiuza kwa kilo. Spea zake hazipatikani, na zikipatikana ni feki. Shafti moja tumeiwekea beringi tatu tangu tuanze kuvuna, zote zimelia." Ngano imekauka shambani, mawingu yanakusanyika kila jioni, wakulima wako foleni, na mashine yenye misimu mingi ndani yake inapelekwa kwa wauza vyuma chakavu kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita.

Nilipofika nilipima shafti kwa venia, kile kipimo cha kubana chenye meno mawili, mahali ambapo beringi haijawahi kukaa. Pima hapo tu, maana pale pa beringi pameshalika na patakudanganya. Ikasoma milimita 34.9. Nikageuza beringi mpya nisome namba: UC207. Ugonjwa nikawa nimeshaujua.

UC207 ina tundu la milimita 35. Shafti ile ni ya inchi 1 na 3/8, yaani milimita 34.925, na beringi yake ni UC207-22. Hiyo 22 ni hesabu ya sehemu za kumi na sita za inchi. Kwa nje hizi mbili ni pacha, zinaingia kwenye nyumba moja, yaani kasha la chuma linaloshika beringi, na boliti zilezile. Ya 35 ukiivalisha inaingia kwa mkono, fundi anafurahi kwamba haikuhitaji nyundo, anabana skrubu zake mbili na kwenda zake. Lakini skrubu zimeisukuma shafti upande mmoja, haijakaa katikati. Mashine ikitikisika saa chache skrubu zinalegea, ringi ya ndani inaanza kuzunguka juu ya shafti, shafti inalika, joto linapanda. Joto hilo liko katikati ya makapi makavu na vumbi la ngano. Kombaini huungua hivyohivyo, na shamba pamoja nayo. Halafu tunasema spea ni feki!

Feki zipo, nimezishika. Lakini kabla hujamlaumu muuzaji, jiulize ulimwambia nini. Ukisimama kaunta Eldoret au Kirinyaga Road, Nairobi, ukasema "nipe beringi ya kombaini ya zamani", atakupa inayofanana, kwa sababu hukumpa kitu kingine cha kutafutia. Massey za wakati ule zimetengenezwa kwa inchi. Claas Dominator ni ya Kijerumani, milimita tupu. Fundi aliyekulia kwenye Claas akiingia kwenye Massey bila venia ataharibu.

Namba ya beringi haina habari na umri wa mashine. 6206 ni tundu milimita 30, nje 62, unene 16, iwe kwenye kombaini au kwenye mota ya kisima. Ila tazama mgongo wake, yaani uso wa ringi ya nje. Kuna 1726206 yenye vipimo vilevile vitatu, lakini mgongo wake umebinuka kama mpira ili ijinyooshe yenyewe ndani ya nyumba ya bati. Ukiweka 6206 ya mgongo bapa kwenye nyumba hiyo, haitajinyoosha kufuata shafti. Mtu amepima, amepata namba sawa, na bado amekosea. Huyo simkasirikii, ila namwomba aende dukani na ile ya zamani mkononi, ikiwa na uchafu wake wote.

Mengine ni mepesi. Sili, ile ringi ya kuzuia mafuta yasivuje, imeandikwa tundu, nje na unene. Mkanda wa V upana wa juu ukiwa milimita 13 ni A, 17 ni B, 22 ni C. Maandishi yakifutika, zungusha kamba kwenye puli huku kikazio kikiwa katikati, usipime mkanda uliovutika. Mnyororo wa 08B na ule wa 40 zote zina hatua, yaani umbali wa pini hadi pini, ya milimita 12.7, lakini unene wa rola ni 8.51 kwa 7.92, usiziunge pamoja. Injini ya Perkins 6.354 ilifungwa pia kwenye malori na matrekta makubwa, kwa hiyo ringi na gasketi waulize watu wa malori. Vyuma vya kupuria kwenye dramu badilisha viwili vinavyotazamana, la sivyo dramu itakosa uwiano na kutikisika.

Penye ugumu wa kweli ni kwingine: mkanda mpana wa kubadilishia kasi, gia za chuma cha kumimina, kranki za ngazi za kutikisia majani. Hapo kwa kawaida natafuta mashine iliyokufa nichinje.

Na shafti iliyokwisha kulika? Vitabu vinasema weka mpya. Mimi najaza kwa welding na kumpa fundi wa kukereza airudishe kwenye kipimo. Nyingine zimemaliza misimu minne, nyingine zimekatika palepale penye welding ndani ya wiki, na kwa macho nilipozitoa kwenye mashine ya kukerezea zilikuwa sawa kabisa. Ile ya Moiben nimeijaza. Nimewaambia waiguse nyumba ya beringi kila wanaposimamisha mashine kumwaga ngano, na wakishindwa kuweka kiganja wazime.