Ghala la mabomu: mlango, udongo na radi

Kijiweni kwetu Kirumba, Mwanza, habari za maghala ya mabomu ya jeshi yaliyolipuka Dar es Salaam, Mbagala (29 Aprili 2009) na Gongo la Mboto (16 Februari 2011), haziishi. Kila zikirudi, zinarudi na maneno yaleyale, na mimi leo sinyamazi.

Dhana: Ghala imara, bomu likilipuka ndani, nje mnasikia tu.

Hili ndilo kosa mama. Mlipuko wa tani kadhaa haumezwi na ghala la zege, hata ukuta uwe mnene vipi. Mhandisi anajua kabisa kwamba lililolipuka limekwenda. Anachopigania ni la jirani libaki.

Ndiyo maana jaribio lake linataka maghala mawili au zaidi. Moja linajazwa baruti na kulipuliwa makusudi, mengine yanafungwa vipimo vya mgandamizo wa hewa. Wamarekani waliyafanya hayo China Lake, jangwani California, kuanzia mwaka 1971, katika mfululizo ulioitwa ESKIMO. Jirani akitoka na nyufa na mlango uliopinda, inavumilika. Mzigo wake ukilipuka naye, jaribio limefeli, hata kama ukuta ulikuwa wa kupendeza.

Mlango ndio sehemu dhaifu. Kwa hiyo maghala hupangwa milango isitazamane, kama majirani waliogombana.

Dhana: Udongo juu ya paa ni wa kuficha tu.

Unaficha, sawa. Lakini unazuia pia vipande vinavyoruka kutoka ghala la jirani na kuupa ukuta uzito wa kuhimili kishindo. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 60 kwenda juu. Sasa mtazame mvua zinavyoufanya udongo wa vilima vya Mabatini, mtaelewa kwa nini mkaguzi anapanda juu ya paa na futi mkononi.

Dhana: Mzigo ukiongezeka mara 8, nyumba zisogezwe mara 8.

Kwa kishindo peke yake, mara 2 tu: umbali hufuata kipeuo cha tatu cha uzito wa baruti (8 ni 2 × 2 × 2). Vipande vya chuma vina hesabu yake, na mara nyingi ndiyo inayoshinda.

Dhana: Radi? Chomeka chuma juu ya paa, basi.

Tarehe 10 Julai 1926 radi iliwasha maghala ya jeshi la maji la Marekani huko Lake Denmark, New Jersey. Bodi ya nchi hiyo ya usalama wa vilipuzi, iliyoundwa mwaka 1928, ilitokana na siku ile.

Sisi wa ziwani tunaijua radi ya usiku. Tatizo la Mwanza liko chini: jiwe letu la matale halipitishi umeme kwa urahisi. Ukipigilia fimbo ya shaba mahali penye udongo kiduchu, umeme wa radi haupati pa kwenda. Hapo huzungushiwa ghala waya wa shaba chini ya ardhi, kisha ukinzani unapimwa kwa mita. Apimaye masika tu anajidanganya. Kiangazi ardhi ikikauka, namba inapanda.

Dhana: Bomu lisiloguswa halina neno.

Baruti ya kurushia risasi na makombora huchakaa yenyewe, na joto huharakisha. Ndani yake hutiwa kemikali ya kuituliza. Hiyo ikiisha, baruti inaweza kujiwasha bila mtu. Kwa hiyo sampuli hupelekwa maabara kila baada ya muda. Sanduku linaweza kung'aa kama limetoka kiwandani jana, na bado likaandikiwa kuteketezwa.