"Kwa bibi yake anatulia" sio ushahidi dhidi ya mama

Wiki iliyopita nimeisikia tena na safari hii imenikaa kooni, ndo maana saa tano usiku naandika badala ya kulala. Mama kaja na mwanae wa miaka mitano, kasindikizwa na wifi yake. Hata faili sijafungua, wifi kashaanza: "Nesi," (mimi sio nesi ila twende), "huyu mtoto alikaa kwa bibi yake Newala mwezi mzima, katulia tuli. Karudi kwa huyu, wiki haijaisha, kelele, kujipiga, kujitupa chini. Sasa hapo mgonjwa ni mtoto au mama?" Mama mwenyewe kimya, anavuta nyuzi za pindo la kanga moja moja.

Mimi ni mtu wa tiba kwa vitendo, nakaa na watoto wenye usonji (ubongo wao unapokea sauti, mguso na watu tofauti na wengine), hapa Mtwara wengi wananiita dada wa mazoezi, na hiyo kauli nimeisikia kuliko jina langu. Inabadilika nguo tu. Shuleni katulia nyumbani kachachamaa, kwa baba ana adabu kwa mama hana, kwa hiyo mama anamdekeza. Kesi imeisha, hukumu imetoka, mtoto hata hajaangaliwa.

Na msidhani ni maneno ya vijiweni. Wasomi ndo walitutangulia. Daktari wa akili Leo Kanner alipoandika kuhusu watoto 11 wenye usonji kule Marekani mwaka 1943 alisema wamezaliwa hivyo, ila humo humo akawasema wazazi wao kwamba hawana joto, basi watu wakadaka hicho kipande cha pili wakakikuza mpaka mama wa mtoto mwenye usonji akaitwa friji, na mwaka 1967 mwandishi Bruno Bettelheim akakitolea kitabu kizima. Miaka mitatu kabla yake Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanae mwenyewe alikuwa na usonji, alishaandika kwamba hili ni jambo la ubongo sio la mapenzi ya mama. Mwaka 1977 watafiti Folstein na Rutter wakachukua jozi 21 za mapacha: wa kufanana, jozi 4 kati ya 11 wote wawili wana usonji, wasiofanana, kati ya 10 hakuna hata moja. Jozi zenyewe chache, sawa, lakini mapacha wa aina zote mbili wanalelewa na mama mmoja, wanakula sufuria moja. Kama ni kudekezwa, si wangedekezwa wote?

Wale wa "ni simu na katuni", mwaka 1943 simu za katuni zilikuwa wapi? Wale wa "ni chanjo", ile makala ya 1998 iliyoihusisha chanjo na usonji, jarida lenyewe liliifuta 2010 na mwandishi wake akafutwa kwenye daftari la madaktari Uingereza. Na mtoto akichelewa kusema, kukata udata (kile kiuzi chini ya ulimi) hakuleti maneno. Masikio yapimwe mapema, na kama kuna degedege zinazojirudia semeni msifiche. Nimemaliza hayo, turudi kwa wifi.

Hivi mtu akishinda siku nzima kavaa viatu vinavyombana, anavivua wapi? Kwake. Hatavivua ofisini kwa bosi. Mtoto wa usonji au ADHD (shida ya kutulia na kukaza akili) akiwa shuleni, darasa limejaa, mwenzake anamgusa bega, kengele inagongwa kwenye rimu la gari, mwalimu anasema tulia na yeye anatulia kweli, lakini kule kutulia ni kazi, anaibeba kama ndoo kichwani, na kila kelele inaongeza maji. Anafika mlangoni kwa mama ndoo inamwagika. Nyie mnaona mama kashindwa. Mimi naona mtoto kafika pahali ambapo anajua hata akimwaga hatafukuzwa.

Halafu kumwagika huko sio kudeka, na hapa ndo huwa napandisha sauti hata kwa wenzangu wa kazini. Anayedeka ana mtazamaji. Analia huku anakuchungulia, ukitoka nje anakufuata kulia kule kule uliko, ukimpa pipi imeisha. Aliyezidiwa hana habari na wewe, pipi utampa ataitupa, hata kile alichokuwa anakililia ukimpa hakishiki. Mwili wake uko kama wa mtu anayekimbizwa. Hapo ukimchapa umeongeza maji kwenye ndoo inayomwagika, ukimhubiria vivyo hivyo, maana maneno nayo ni kelele. Punguza sauti, punguza watu, kaa karibu, angalia asijiumize, subiri. Kufundisha ni kesho.

Vitabu vinaweka hivi vitu viwili kila kimoja kwenye kabati lake. Mimi nakiri, mtoto anaweza kuanza kwa kudeka akaishia kuzidiwa ndani ya dakika moja, na kuna siku niko naye mita moja na sijui niko na kipi. Huwa nachukulia kazidiwa. Nikikosea, nimekosea kwa upole.

Na kutulia nako kuna sura nyingi. Nikamuuliza wifi: kwa bibi nyumba imeezekwa nini? Makuti. Redio? Bibi hana. Jirani? Mikorosho. Na hapa mjini? Chumba cha kupanga, bati, na ukuta wa pili kuna mashine ya kusaga inaunguruma toka asubuhi. Wifi akanyamaza, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ile mashine hata mimi huwa inaniuma kichwa." Haya sasa! Ila sikusherehekea sana, maana huwa najiuliza na swali la pili ambalo watu hawalipendi: kule anakotulia kuna fimbo? Nimeshaona watoto wametulia tuli kwa woga, jasho viganjani, na ukoo mzima unasifia nidhamu. Kwa huyu bibi fimbo haipo, ni ukimya tu.

Wakati tunaongea kijana alikuwa sakafuni na korosho za ganda, mama huja nazo kwenye kimfuko maana ndo zinamtuliza. Anazipanga mstari, kikonyo upande mmoja zote. Mama akataka kuzikusanya kwa aibu, nikamzuia. Nikakaa chini nikaongeza korosho moja mwisho wa mstari, makusudi nimeigeuza. Akaiangalia. Akaigeuza ikae sawa. Nikaongeza nyingine, akageuza. Ya tano hakusubiri, akanisogezea moja kwenye kiganja bila kuniangalia usoni. Mama akaanza kulia. Alishaambiwa mtoto wake hachezi na watu.

Kuhusu huko kutoangalia usoni, zamani nilikuwa nawaambia akina mama washike kidevu cha mtoto kiwageukie. Nilifundishwa hivyo, nikakifundisha, na nimeshaacha. Najuta. Na nyie mnajua huku kwetu mtoto kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu, halafu sisi tunakuja na fomu zilizotungwa mbali tunahesabu macho kama dalili. Bado naijaza hiyo fomu ila nasita.

Kuna kitu kingine sijakitatua. Namwambia mama kosa sio lako, halafu dakika hiyo hiyo nampa mafunzo: fanya hivi, acha vile. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Kama sijakosea, mbona ninayerekebishwa ni mimi?" Nikamjibu kwamba mama wa mtoto asiyeona naye hujifunza kumwongoza na hakuna anayesema yeye ndo kampofua. Alikubali kwa kichwa. Sijui kama aliamini.

Siku hizi kwa hiyo simfundishi mama peke yake. Huku Kusini kwa wengi wetu mtoto ni wa ukoo wa mama na neno la mjomba lina uzito, basi nimeomba mjomba aje, na bibi wa Newala kama nauli itapatikana. Mafunzo ya kwanza ni kwao, ya mama yanafuata.

Mjomba ana swali lake, kalituma kwa simu: likizo ya Desemba kijana aende jando na wenzie au asiende? Ngoma usiku, kulala mbali na mama, watu wasiowajua. Asipokwenda atakuja kuitwa nini na wenzie? Jibu sina. Nimemwambia aje Jumatano, aje anajua ngoma zitapigwa umbali gani na pale anapolala mtoto, nani atalala pembeni yake, na kama kimfuko cha korosho kitaruhusiwa.