Kiwanda kikipunguza watu, unadai nini?

Kiwanda cha vyakula kikitangaza kwamba "kinajipanga upya", wengi wanaofika ofisini kwetu hapa Nakuru huanza kwa kuuliza wamekosa nini. Hawajakosa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hutenganisha kufutwa kwa kosa na kupunguzwa kwa sababu nafasi yenyewe haipo tena: laini ya biskuti imefungwa, au mashine mpya imechukua kazi ya kufunga pakiti.

Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri akiarifu chama cha wafanyakazi na afisa wa leba angalau mwezi mmoja mapema, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji huo. Asiye mwanachama huandikiwa barua yake binafsi. Mwaka 2014, katika kesi ya Kenya Airways, Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kuwa arifa hiyo ni ya kufungua mazungumzo. Notisi ya kuachishwa ni nyingine: mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi badala yake. Wa kuondoka huchaguliwa kwa kuangalia muda kazini, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwao. Kutopatana na supavaiza hakumo.

Sasa pesa. Kila mwaka uliokamilika una malipo yasiyopungua siku 15. Tuseme unalipwa shilingi 1,000 kwa siku na umefanya kazi miaka 8 na miezi 7. Ile miezi 7 haihesabiwi. Siku 15 mara 8 ni 120, yaani shilingi 120,000. Ongeza notisi na likizo ambayo hukuchukua. Mkataba wa chama chenu unaweza kutoa siku zaidi, kwa hivyo usome kwanza.

Vibarua ndio hunihuzunisha zaidi, kwa kuwa huondoka kimya wakidhani hawana chao. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, kifungu cha 37 humhesabu kuwa wa mshahara wa mwezi. Tatizo huwa ushahidi: tunza ujumbe wa M-Pesa wa malipo na kadi ya geti.

Kuna pia ile karatasi ya "nimelipwa yote, sina dai". Ukiitia sahihi kwa hiari, mahakama mara nyingi huiheshimu. Omba nakala, nenda ukaisome nyumbani. Anayetaka kushtaki ana miaka 3, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Nakuru na Kisumu pia.